UZI: Kampuni ya ndege ikifuta safari ya Kigoma au Tabora uliyokwisha kulipia – haki zako na namna ya kuzidai

#1 Katubuka Hewani

Wakuu habari za jioni.

Uzi huu ni kwa abiria wa TKQ na TBO, yaani Kigoma na Tabora. Abiria wa Dar–Mwanza ndege yake ikifutwa asubuhi, jioni ipo nyingine. Ya kwetu ikifutwa, inayofuata huenda ni keshokutwa, na kampuni ikisitisha njia yenyewe basi hakuna inayofuata. Ushauri wa "subiri ndege ijayo" unaozunguka mitandaoni hautusaidii, na watu wa huku wanapoteza hela ambazo ni haki yao kabisa. Inaniuma, kwa sababu nyingi zinapotea ndani ya dakika tano za kwanza baada ya ujumbe kuingia kwenye simu.

Nalisisitiza hili kuliko yote: aliyefuta ni kampuni, kwa hiyo wewe usifute. Watu wakipata ujumbe wanakimbilia kwenye tovuti na kubonyeza sehemu ya kughairi, au wanampigia wakala wamwambie "nifutie hiyo tiketi nirudishiwe changu". Hapo umejifunga. Mfumo unaandika kwamba abiria ameghairi kwa hiari yake, na masharti ya tiketi ya bei nafuu yanaanza kazi: makato, au hairudishwi kabisa. Tiketi hiyohiyo ikiandikwa kwamba kampuni imeshindwa kukusafirisha, unarudishiwa bila makato, hata kama ilikuwa ya promosheni yenye maandishi "hairudishwi". Maandishi hayo yanamhusu abiria anayebadili mawazo. Hayamhusu abiria aliyekosa ndege ya kupanda.

Tuusome ujumbe wenyewe. Mara nyingi unakuja hivi:

*"Ndugu abiria, safari yako TKQ-DAR ya tar 14 imebadilishwa kutokana na sababu za kiuendeshaji. Safari mpya ni tar 17. Kukubali bonyeza hapa. Samahani kwa usumbufu."*

"Imebadilishwa" inasikika kama kitu kidogo, lakini ndege ya tarehe 14 haipo tena. Hiyo imefutwa, na dai lako uliandike hivyo. "Sababu za kiuendeshaji" maana yake kampuni yenyewe haijataja mvua wala dhoruba ya ziwani, kwa hiyo itunze kauli hiyo, wasije wakasema hali ya hewa baadaye. Kiungo cha kukubali ni mtego kwa asiyejua: ukibonyeza, umeridhia mkataba mpya wa tarehe 17 na dai la nauli limekufa. Ujumbe haujataja kurudishiwa nauli, na kukaa kwao kimya hakuondoi haki hiyo.

Kampuni nyingi zilizo kwenye mfumo wa IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege) zina masharti ya usafirishaji yanayofanana, yapo kwenye tovuti zao na ndiyo mkataba wako. Safari ikifutwa, unachagua moja kati ya haya: kupelekwa na ndege yao ya karibuni yenye nafasi bila kuongeza hata senti, au kupelekwa kwa njia nyingine ndani ya muda unaofaa, kwa ndege yao, ya kampuni nyingine, au kwa usafiri mtakaokubaliana, au kurudishiwa nauli. Anayechagua ni abiria. Kaunta ikikwambia "tunachotoa sisi ni vocha tu", omba wakuonyeshe kifungu kinachosema hivyo.

Cha kufanya, kabla ya jambo lolote, piga picha ya skrini ya ujumbe ikionyesha namba iliyotuma na tarehe. Kisha fungua tiketi yako ya kielektroniki uchukue vitu viwili: PNR (namba ya nafasi uliyohifadhiwa, herufi na tarakimu 6) na namba ya tiketi (tarakimu 13, tatu za mwanzo zinaitambulisha kampuni). Vitu hivi ni tofauti. Kampuni inaweza kuifuta PNR kwenye mfumo wake, lakini fedha yako imekaa kwenye namba ya tiketi. Baada ya hapo ndipo uamue unataka kusafiri au unataka hela, na uandike. Kupiga simu ni sawa, ila simu haiachi ushahidi. Malizia kwa barua pepe.

Maswali karibuni. Najua humu kuna wakata tiketi na mawakili, wasaidie.

---

#2 Mama Kibirizi

Shukrani mkuu. Swali: tiketi imekatwa kwa wakala mjini, na abiria hakupata ujumbe wowote. Anafika uwanjani anaambiwa safari ilifutwa tangu wiki iliyopita na taarifa zilitumwa. Hapo haki bado ipo?

---

#3 Kaunta Namba Mbili

Dada, haki ipo yote. Naomba nilifafanue hili kwa upande wetu sisi tunaokata tiketi, maana ndiko matatizo mengi yanakozaliwa.

Ndani ya PNR kuna sehemu ya mawasiliano ya abiria. Mawakala wengi wanaweka namba ya ofisi yao, wengine kwa uvivu, wengine ili mteja asiende moja kwa moja kwa kampuni. Ujumbe wa kufutwa unaingia kwa wakala, na wakala akiwa na wateja wengi siku hiyo unapita. Kwa hiyo siku unanunua tiketi, simama pale dirishani useme: "weka namba yangu na barua pepe yangu kwenye mawasiliano ya abiria." Ni kazi ya sekunde chache. Ukifika nyumbani ingia kwenye tovuti ya kampuni kwa PNR na jina la ukoo uone kama zipo kweli. Rudia kuangalia siku tatu kabla ya safari na jioni ya kuamkia safari.

Pili, hali ya safari kwenye mfumo. HK maana yake imethibitishwa. Ukiona UN, ndege hiyo haifanyi kazi tena. TK ni muda umebadilishwa na unasubiriwa kuukubali. Mwambie wakala akusomee herufi hizo mbili, asikwambie tu "iko sawa".

Tatu, fedha inapitia wapi. Tiketi iliyotolewa na wakala wa IATA hulipwa kupitia BSP, mfumo wa pamoja wa malipo kati ya mawakala na kampuni za ndege, na kurudishwa hurudi kwa njia hiyohiyo: kampuni inamrudishia wakala, wakala anakupa wewe. Kampuni ikikwambia "rudi kwa wakala wako" haikukimbii, ndivyo mfumo ulivyo. Tatizo ni wakala anayeshikilia hela akisema kampuni haijalipa. Kuna njia ya kumjua. Piga kampuni, taja namba ya tiketi, uliza hali ya kuponi (kila kipande cha safari kwenye tiketi kina kuponi yake). Wakisema OPEN, bado haijaguswa, na huenda wakala hata hajatuma ombi. Wakisema REFUNDED, fedha imekwisha kutoka kwa kampuni na iko kwa wakala; omba tarehe iliyofanyika na uende nayo ofisini kwake.

Wakala wa mtaani aliyelipa kwa simu yake mwenyewe au kwa kadi yake ni hatari zaidi, kwa sababu marejesho yanarudi kwenye namba iliyolipa. Kama huna namna, dai risiti yenye jina lako, kiasi, na namba ya tiketi. Ada ya huduma ya wakala ni mkataba mwingine, na kwa kawaida hairudi.

---

#4 Ng'ambo TBO

Wakuu, na kama umeshatumia upande mmoja? Tiketi ya Dar–Tabora kwenda na kurudi, kwenda umepanda, kurudi wamefuta. Ukiambiwa hesabu unapewa hela ndogo sana, mbali na nusu.

---

#5 Katubuka Hewani

Ng'ambo, hapo ndipo watu wanaumizwa kimyakimya. Chukua mfano wa tarakimu tu: tiketi ya kwenda na kurudi 640,000. Nusu ni 320,000. Kaunta inachukua nauli ya kwenda tu inayouzwa siku hiyo, tuseme 410,000, inasema "hiyo ndiyo uliyotumia", inakupa 230,000.

Masharti yanasema marejesho yasipungue tofauti kati ya nauli uliyolipa na nauli husika ya sehemu uliyosafiri. Ugomvi wote uko kwenye "nauli husika". Nauli husika ni ile ya daraja ulilonunua, siku uliyonunua, siyo ya dirishani leo. Kwenye tiketi yako ya kielektroniki kuna mstari wa hesabu ya nauli, umeandikwa kwa herufi za viwanja na tarakimu bila nafasi za kutosha, watu huwa hawausomi. Mstari huo unaonyesha kila kipande kilihesabiwa kiasi gani. Kama DAR–TBO ni 260,000 na TBO–DAR ni 260,000 (120,000 iliyobaki ni tozo na kodi), basi kipande ambacho hukusafiri ni 260,000, na wao wenyewe ndio walioandika. Upige picha mstari huo uuambatishe kwenye dai.

Kisha tozo za uwanja na usalama pamoja na VAT ya kipande ambacho hakikufanyika zinarudi zote. Hizo hazina mjadala. Hata abiria aliyeghairi mwenyewe na nauli yake hairudishwi, tozo za uwanja ambao hakuutumia anaweza kuzidai.

Na kinyume chake: kwenda ndiko kumefutwa, wewe umeamua kupanda basi, ila kurudi unakutaka. Usinyamaze. Usipojitokeza kwenye kipande cha kwanza mfumo unaweza kufuta na cha kurudi. Mwambie wakala au kampuni wairudishe nauli ya kuponi ya kwanza na kuitoa tiketi upya kwa safari ya kurudi pekee, kisha ingia kwenye tovuti uone kwamba kurudi bado ni HK.

---

#6 Wakili wa Cheyo

Mkuu Katubuka ameweka msingi vizuri. Niongeze upande wa sheria, kwa sababu watu wanachanganya mambo mawili: kurudishiwa nauli na kulipwa fidia.

Nauli inarudi bila kujali sababu. Hata kama ni radi, hata kama ni moshi umefunika uwanja, kampuni haiwezi kubaki na fedha ya huduma isiyotolewa. Sababu inaanza kuwa na uzito pale unapodai hasara ya ziada. Hali ya hewa mbaya haikupi fidia. Ndege mbovu, rubani kukosekana, au njia kufutwa kwa sababu haina faida ni mambo ya kampuni yenyewe.

Kwa safari ya ndani msingi mmojawapo wa fidia ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73: anayevunja mkataba analipa hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa mwendo wa kawaida wa mambo, au ambayo pande zote zilijua wakati wa kuingia mkataba kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali hailipwi. Sheria hiyo inaangalia pia kama ulikuwa na njia ya kupunguza hasara na hukuitumia. Kwa hiyo nauli ya basi uliyolazimika kupanda, chakula na chumba cha kawaida ukiwa umekwama Dar: zidai, ambatisha risiti. Faida ya biashara uliyokosa Kariakoo: ngumu sana, maana kampuni haikujua chochote kuhusu mzigo wako. Hoteli ya kifahari wakati kuna nyumba ya wageni ya bei ya kawaida hatua chache: utapunguziwa.

Ngazi za kudai ni hizi. Unaanza na kampuni, kwa maandishi. Ukikataliwa au ukikaa bila jibu unakwenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ambayo ndiyo inazipa kampuni leseni. Pembeni yake lipo Baraza la Ushauri la watumiaji wa huduma za anga, TCAA-CCC, lililoundwa kisheria kusimamia maslahi ya abiria, wapelekee nakala. Asiyeridhika na uamuzi wa mdhibiti ana njia ya Baraza la Ushindani, FCT. Na kampuni iliyouza tiketi kwa matangazo ya kupotosha, kwa mfano kuendelea kuuza njia ambayo imekwisha kuamua kuisitisha, inaingia kwenye Sheria ya Ushindani ya 2003 inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC.

Mahakamani je? Deni linalotokana na mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linaweza kusikilizwa Mahakama ya Mwanzo, gharama zake ni ndogo. Lakini tazama kwanza mmiliki wa kampuni. Tangu marekebisho ya 2020 ya Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali (Sura ya 5), ukishtaki shirika au kampuni ya umma unatoa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa tiketi ya laki tatu hiyo haiwezekani kimahesabu. Ndiyo maana nasema kwa nguvu: abiria wa kampuni ya umma aijenge vizuri barua yake ya kwanza na malalamiko yake ya TCAA, kwa sababu hapo ndipo atakapopatia haki yake au kuikosa.

---

#7 Mama Kibirizi

Wakili ubarikiwe. Na wale wanaounganisha kwenda nje, Kigoma–Dar halafu Dubai au India kwa matibabu? Kigoma ikifutwa, ndege ya Dubai inaondoka bila wao.

---

#8 Wakili wa Cheyo

Dada hapo jibu linategemea kitu kimoja: tiketi ni moja au ni mbili?

Zikiwa mbili, uliyonunua Kigoma–Dar kivyake na Dar–Dubai kivyake, kampuni ya Kigoma ilikuahidi kukufikisha Dar tu. Nauli ya Dubai iliyoungua haiihusu, labda uthibitishe walijua. Kampuni ya Dubai nayo inakuona umechelewa kwa mambo yako. Ukiwa na tiketi mbili acha usiku mmoja mzima Dar katikati, na kama ni miadi ya hospitali acha mbili.

Ikiwa moja, safari nzima inahesabika ya kimataifa, pamoja na kipande cha Kigoma–Dar kilicho ndani ya nchi. Hapo unaingia kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania ni mwanachama. Kifungu cha 19 kinaibebesha kampuni hasara inayotokana na kuchelewa, isipokuwa ithibitishe ilichukua hatua zote ambazo zingetarajiwa. Kikomo kwa abiria mmoja ni SDR 6,303 tangu tarehe 28 Desemba 2024. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kikomo maana yake ni mwisho wa juu. Unalipwa hasara uliyoithibitisha kwa risiti, hulipwi kiasi chote hicho kwa sababu tu umechelewa.

Angalizo kwa wanaopenda kuunukuu mkataba huu: unazungumzia kuchelewa, hautaji kufutwa. Wakikupangia ndege nyingine ukafika siku mbili baadaye, hiyo ni kuchelewa, Montreal inakusaidia. Wakikataa kabisa kukusafirisha, mahakama nyingi zinaona huo ni mkataba ambao haukutekelezwa, unarudi kwenye sheria ya nchi. Muda nao ni tofauti: Montreal ni miaka 2 tu na ukipita umepita, wakati dai la mkataba kwa sheria zetu ni miaka 6.

Kuna watu wananukuu fidia ya euro 600. Hiyo ni Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004. Inahusu ndege zinazoondoka kwenye viwanja vya Umoja wa Ulaya, na ndege zinazokwenda huko zikiwa za kampuni za huko. Mtu anayetoka Dar kwenda Amsterdam na KLM anaguswa nayo, kwa sababu umbali unapita kilomita 3,500 na kampuni ni ya Ulaya, mradi hakujulishwa siku 14 au zaidi kabla. Tiketi ya Kigoma–Dar peke yake haihusiki, msipoteze nguvu huko.

---

#9 Njia ya Kati

Niongelee wanaotaka kusafiri, maana wengi hawataki hela, wanataka kufika.

Masharti yanasema "njia nyingine". Kaunta haitakutajia, uitaje wewe. Kwa Kigoma ya kwanza ni kupandia Mwanza. Barabara ni Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Geita, na tangu Juni 2025 mnavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, foleni ya kivuko imekwisha. Bado ni safari ya siku nzima. Usikubali ndege ya Mwanza ya alfajiri kwa basi la siku hiyohiyo. Kubali ya siku inayofuata, na uombe kwa maandishi nauli ya basi na malazi ya usiku mmoja. Wakikataa, jibu lao la maandishi ndilo unalolipeleka TCAA pamoja na risiti.

Kupandia Tabora kunafaa kama Tabora ina safari yake inayojitegemea. Kama ndege ya Kigoma ndiyo hiyohiyo inayogusa Tabora, kuna uwezekano mkubwa na Tabora imefutwa. Uliza namba ya ndege kabla ya kupanda basi la Uvinza–Nguruka–Kaliua–Urambo, usije ukafika Tabora ukakuta umehamisha tatizo tu.

Wa Tabora wao Mwanza iko jirani zaidi, kupitia Nzega na Shinyanga.

Njia ya tatu ni kuchukua nauli yako na kwenda kwa ardhi: basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR hadi Dar, inayofanya kazi kati ya Dodoma na Dar tangu 2024. Treni ya zamani ya reli ya kati kutoka Kigoma ipo pia, kilomita 1,250 hivi hadi Dar, haina haraka ila mzigo unabebeka. Kata tiketi ya SGR baada ya kuona umefika Dodoma kwa muda gani, basi likipata pancha Itigi treni haikusubiri.

Jambo moja wanalolikosea kaunta zenyewe: ukihamishiwa Mwanza–Dar, hutakiwi kulipa tofauti ya nauli hata kama daraja lako la bei halipo. Wakikwambia "ongeza 90,000", waulize kama hiyo tiketi inabadilishwa kwa hiari ya abiria au kwa sababu kampuni imefuta. Mkata tiketi anayejua kazi atarekebisha palepale.

---

#10 Mvuvi Data

Mimi naongeza fupi kuhusu mzigo. Migebuka na dagaa uliopeleka kama kago una hati yake ya mzigo, si sehemu ya tiketi yako. Kurudishiwa nauli hakurudishi gharama ya kago, idai kivyake kwa namba ya hati. Na kama samaki wapo kwenye barafu, piga simu ofisi ya kago kabla boksi halijatoka mwaloni Kibirizi. Ukiambiwa safari imefutwa baada ya kukabidhi, omba mzigo urudishwe na waandike saa uliyoupokea na hali yake.

---

#11 Ng'ambo TBO

Nani anaweza kuweka mfano wa barua? Wengi wanaandika hadithi ndefu halafu hawajibiwi.

---

#12 Katubuka Hewani

Nakili hii, jaza, tuma kwa barua pepe ya huduma kwa wateja:

*YAH: KUDAI NAULI – SAFARI ILIYOFUTWA NA KAMPUNI*

*Jina (kama lilivyo kwenye tiketi): …*
*PNR: … Namba ya tiketi: …*
*Safari: TKQ–DAR, ndege namba …, tarehe …*

*Tarehe … kampuni ilinijulisha kwa ujumbe wa simu kwamba safari hii haitafanyika (picha imeambatishwa). Sikughairi safari hii, na sijakubali safari mbadala wala vocha. Naomba nirudishiwe kiasi chote nilicholipa, shilingi …, pamoja na kodi na tozo, bila makato, kwa njia niliyolipia. Naomba pia namba ya kumbukumbu ya dai hili na tarehe nitakayolipwa. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 nitawasilisha malalamiko TCAA, nakala TCAA-CCC.*

Sentensi ya "sikughairi, na sijakubali" ndiyo roho ya barua, msiitoe. Siku 14 nimeziweka ili kuwe na tarehe ya kuhesabia, mnaweza kuzibadili. Gharama za basi na malazi ziandikwe kwenye barua ya pili, tofauti. Ukichanganya, afisa anaona madai yanayohitaji kibali cha wakubwa na faili lote linakaa, pamoja na nauli ambayo angeilipa yeye mwenyewe.

---

#13 Kaunta Namba Mbili

Kwenye kulipwa: mliolipa kwa M-Pesa, Airtel Money na nyingine, tunzeni ujumbe wa muamala wenye namba yake, na msiitupe laini hiyo mpaka fedha irudi. Mliolipa kwa kadi mna njia ya ziada. Kampuni ikikataa au ikinyamaza, nendeni benki iliyotoa kadi mkafungue pingamizi la muamala kwa sababu huduma haikutolewa. Kwa Visa muda wa kawaida ni siku 120 tangu tarehe ambayo safari ilitakiwa kufanyika. Benki itataka ujumbe wa kufutwa na barua uliyowaandikia kampuni. Ukiwa umekwisha pokea vocha, pingamizi linaanguka.

Na vocha yenyewe, kabla hujaikubali uliza inaisha lini, inatumika na jina lingine au lako tu, na ikibaki salio linakwenda wapi. Kubwa zaidi kwa watu wa huku: kama kampuni imesitisha njia ya Kigoma, vocha yake utaitumia kwenda wapi? Na kampuni ikifunga kabisa, kama Fastjet ilivyoacha kuruka nchini mwishoni mwa 2018, mwenye vocha ambayo hajaitumia anabaki na dai tu. Chukua fedha.

---

#14 Mama Kibirizi

La mwisho wakuu. Familia ya watu watano kwenye PNR moja, baba anataka kusafiri kupitia Mwanza na mama na watoto wanataka hela. Inawezekana?

---

#15 Kaunta Namba Mbili

Inawezekana, ila kwanza PNR igawanywe. Ombi la kurudishiwa likifanyika kabla ya kugawa, mara nyingi linafuta viti vya wote watano na baba anabaki bila nafasi ya Mwanza. Utaratibu ni huu: omba wakutenganishie baba, apewe PNR yake mpya na tiketi iliyotolewa upya ya Mwanza–Dar. Hakikisha yake inasoma HK. Ndipo ombi la wale wanne liingizwe kwenye PNR ya zamani, likiwa na namba nne za tiketi, moja kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo, kwa sababu naye ana tiketi yake hata kama hana kiti.